Daftari Tulilolichoma Moto

 

Mwezi uliopita mzee mmoja alitusimamisha pale kwenye bomba la maji akasema, "Ninyi walimu, kila mwezi mnatuandikia juu ya usafi na mahudhurio ya watoto. Andikeni basi na jambo la nyumbani kwenu." Tukacheka, lakini njiani tukaona mzee amesema kweli. Basi mwezi huu tunaandika jambo la nyumbani kwetu. Si jambo la kujisifu.

Mtatusikia tunasema "sisi, sisi" kila mahali. Ndivyo tulivyolelewa: habari za nyumba hazina mwenyewe mmoja. Lakini pale penye kosa, msomaji mwenye akili atajua ni nani kati yetu aliyekuwa mwalimu siku hiyo, na ni nani aliyesimama karibu na jiko.

Baba na vitabu vya picha

Nyumbani kwetu katuni zilianza na baba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Fizi kabla ya vita. Alipokuwa kijana alisoma kwa wamisionari, na katika maktaba yao ndogo kulikuwa na kabati moja la bede. Wakongomani tunaita hivyo, bede. Watanzania wanasema katuni. Ni kitu kile kile: hadithi iliyochorwa ndani ya visanduku, watu wanasema ndani ya maputo, na wewe unafuata kisanduku baada ya kisanduku mpaka mwisho.

Baba anasema kitabu cha kwanza kukisoma kilikuwa cha Tintin akiwa Kongo. Yule Mbelgiji Hergé alikichora mwaka 1930 na 1931, na kwetu hakuwahi kufika. Baba alikuwa mtoto, alicheka sana. Alipokua akakisoma tena, hakucheka. Aliona watu wetu wamechorwa wote sura moja, midomo minene, wanasema kama wajinga, na mzungu kijana ndiye anawafundisha hesabu. Tulipokuwa wadogo alikuwa akituuliza, "Muliona? Kama hujichori mwenyewe, mwingine atakuchora namna anavyotaka." Miaka mingi baadaye tulisikia kwamba Mkongomani mmoja aliyekuwa anaishi Ubelgiji alipeleka shauri mahakamani mwaka 2007 kutaka kitabu hicho kizuiliwe. Mahakama ya Brussels ilikataa mwaka 2012. Baba aliposikia akasema, "Sawa. Dawa yake si mahakama. Dawa ni sisi kuchora vyetu."

Na kweli wenzetu walichora. Kinshasa mwaka 1968 lilianza jarida la Jeunes pour Jeunes, na vijana walilipigania. Miaka ya 1970 Mongo Sisse alichora visa vya Mata Mata na Pili Pili, na baba anavikumbuka mpaka leo. Miaka ya 1990 mchoraji Papa Mfumu'eto alikuwa anatoa vijitabu vya Kilingala vya bei ndogo, vinauzwa sokoni pamoja na sabuni na chumvi. Na tusimsahau Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, ambaye vitabu vyake vimechapishwa mpaka Ulaya.

Vita ilipofika mwaka 1996 baba aliacha vyote. Walivuka ziwa usiku, yeye na mama, na dada yetu mkubwa akiwa mgongoni. Sisi wengine tulizaliwa hapa kambini. Babu, yaani baba yake baba, alikataa kupanda boti. Alisema makaburi ya wazee hayawezi kubaki bila mtu. Miaka mitatu baadaye wasafiri walileta habari kwamba amefariki. Hatukuwa na picha yake hata moja.

Huku Tanzania baba aliokoteza katuni popote alipozipata. Akipata kipande cha jarida la Sani la Dar es Salaam, lile lenye akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, hata kama limefungiwa karanga, analinyoosha kwa kiganja, anatuita. Kiswahili chetu cha shule tumekijifunzia pale kwanza. Mama alikuwa anatazama tu, anasema, "Karanga ziliisha, sasa munakula karatasi?"

Siku ya daftari

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Kitinda mimba wetu mwaka 2024 alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la tano. Huyu alirithi ugonjwa wa baba, tena yeye hakusoma tu, alichora. Alichora kwenye maboksi ya mafuta ya posho, nyuma ya fomu za zamani, kwenye mchanga. Na darasa la tano ni sisi tuliokuwa tunafundisha. Mnajua madarasa yetu: watoto zaidi ya mia, madawati machache, wengine chini, daftari ni mali. Mtoto akipewa daftari mwanzoni mwa muhula, hakuna la pili.

Siku hiyo mwezi wa tatu tulikuwa tunafundisha sehemu: nusu, theluthi, robo. Tukamwona ameinama, mkono unakwenda haraka kuliko hesabu. Tukamfuata polepole. Daftari la hesabu, kurasa za katikati zote zilikuwa katuni. Darasa likacheka. Mwalimu mwenye watoto mia mbele yake, na anayevunja amri ni mdogo wake wa tumbo moja, ataficha wapi uso? Tulimnyang'anya. Tukasema maneno ambayo hatutayaandika hapa.

Mchana tulirudi nyumbani bado na hasira. Mama alikuwa amebandika ugali. Tukasema, "Mama, huyu anaharibu daftari kwa upuuzi." Mama akajibu, "Katuni haileti unga." Basi tukaliingiza jikoni, pale chini ya sufuria. Mdogo wetu alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Aliangalia tu mpaka jalada lilipojikunja.

Jioni baba alirudi akauliza kwa nini nyumba imenyamaza. Tukamweleza, tukitegemea atusifu, maana yeye ni mwalimu wa zamani. Baba akauliza, "Alichora nini?" Hatukujua. Hatukuwa tumeangalia. Ndipo mtoto akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa anachora babu: babu na ng'ombe wake, babu ziwani, babu siku ya boti. Kurasa sita. Baba alikuwa anamsimulia kila jioni wakati sisi tuko kwenye mikutano ya walimu, naye anachora kesho yake.

Baba alichukua kigoda akaenda kukaa nje. Alisema neno moja tu: "Ule alikuwa baba yangu."

Toka siku hiyo mdogo wetu hakuchora tena. Alikuja darasani, aliandika hesabu safi, alipata alama nzuri. Tulishinda. Tukawa tunasahihisha daftari lake safi na tunaona aibu. Miezi minne ilipita hivyo.

Sauti ya dada

Dada yetu mkubwa alikwenda Marekani mwaka 2017 pamoja na mume wake na watoto. Kila Jumapili anatutumia sauti kwa WhatsApp, na sisi tunaisikiliza siku tukipata bando. Mwezi wa saba 2024 alituma sauti ndefu sana, dakika kumi na mbili. Tulikaa wote kwenye mkeka, simu katikati.

Alisema amekwenda kwenye maonyesho ya katuni. Mtoto wake wa kiume alimsumbua wiki nzima, maktaba ya mji wao ilikuwa imeyaandaa, kuingia bure. Yeye alifikiri ni picha zimebandikwa ukutani, unapita, unarudi nyumbani. Kumbe ni kama gulio! Meza zimepangwa safu kwa safu, nyuma ya kila meza amekaa mchoraji na vitabu vyake, unaweza kuongea naye, anakuandikia jina lako ndani ya kitabu. Watu wazima wamevaa nguo za mashujaa wao. Baba mtu mzima na ndevu zake amevaa joho jekundu, na watoto wake wawili wamevaa kama yeye, hakuna anayewacheka.

Mpwa wetu naye alivaa sweta jeusi na kinyago cha boksi, eti yeye T'Challa, mfalme wa Wakanda. Huyu shujaa alichorwa mara ya kwanza mwaka 1966, na filamu yake ya mwaka 2018 ndiyo iliyofanya watoto wote wamjue. Mpwa wetu alisimama kwenye meza ya mzee mmoja akamwambia kwa Kiingereza, "Mama yangu ametoka Afrika kweli, si ya Wakanda." Mzee akacheka, akamuuliza mama ametoka Afrika ipi. Dada akajikuta anaeleza habari za ziwa, za vita, za kambi. Yule mzee akamwambia, "Unamjua Superman? Naye ni mkimbizi." Akamweleza: mtoto mchanga, kwao kunaharibika, wazazi wanamtia kwenye chombo, anaangukia nchi ya wengine, analelewa na wakulima, anabadilishiwa jina. Na vijana wawili waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, ambaye hadithi yao ya kwanza ilitoka mwaka 1938, walikuwa watoto wa Wayahudi waliohamia Amerika kutoka Ulaya.

Dada alisema mzee mwingine alimweleza kwamba maonyesho makubwa ya aina hii yako San Diego. Yalianza mwaka 1970 hotelini na watu mamia machache, baadaye yakafika watu zaidi ya 130,000. Baba akaingilia, kana kwamba dada anamsikia: "Hata Ufaransa yako! Angoulême, toka 1974!" Sisi tukawa tunapiga hesabu. Watu 130,000 ni watu wa kambi kubwa nzima. Ni kama kambi yote ingeamka asubuhi, wazee na watoto, ikaenda mahali pamoja kuangalia katuni. Mama akauliza, "Na maji wanachotea wapi?"

Lakini kitu kilichotugusa kilikuwa mwishoni mwa sauti. Dada alisema, "Nilipita kwenye meza za pembeni. Kule wamekaa wale hawajulikani. Wamechora wenyewe, wamepiga fotokopi, wamebana na pini. Nikaangalia, nikaona ni kazi kama ya mdogo wetu. Kabisa kama yake. Mwambieni nimemwona huku." Halafu mpwa wetu akachukua simu akasema kwa Kiswahili kilichovunjika, "Shikamoo Babu. Mjomba mdogo, nitumie katuni."

Hatukuweza kumwangalia mtoto. Dada hakujua. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za jiko.

Kitabu cha Dadaab

Mwezi wa kumi na mbili kitabu kilifika. Dada alikipata kule, akampa mtu aliyekuwa anasafiri, huyo akampa mwingine, kikafika Kigoma, mwisho kikafika kwetu kimekunjika pembe. Kinaitwa When Stars Are Scattered. Kilitoka mwaka 2020. Ni katuni, kurasa zaidi ya mia mbili na hamsini zenye rangi, na mambo yake mengi yako kambi ya Dadaab, Kenya.

Mwenye hadithi ni Omar Mohamed, Msomali. Alikimbia vita akiwa mtoto mdogo pamoja na mdogo wake Hassan, ambaye ni mgonjwa na hasemi maneno. Walipotezana na mama yao. Wakalelewa kambini na mama mwingine mkimbizi anayeitwa Fatuma. Omar anataka kusoma lakini nani atabaki na Hassan? Hiyo ndiyo hadithi. Omar hajui kuchora. Yeye alisimulia, na Mmarekani Victoria Jamieson akachora. Mwaka 2009 Omar na Hassan walipata kwenda Marekani.

Tulikisoma usiku kwa taa ya sola. Sisi tunafasiri kutoka Kiingereza, mama anapeta mchele wa sikukuu, baba amevaa miwani yake yenye kioo kimoja. Ukurasa wa foleni ya maji, mama akasimamisha mikono. Akasema, "Rudi nyuma kidogo." Tukarudi. Akaangalia zile ndoo zimepangwa, watoto wamelala juu ya ndoo. "Hii si Kenya," akasema. "Hapa ni kwetu." Akaomba tuendelee. Usiku ule mama hakusema habari ya unga.

Mdogo wetu alikuwa amekaa nyuma yetu, mbali na taa, anajifanya hasikii. Tulipofika pale panapoandikwa kwamba mmoja alisimulia na mwingine akachora, baba alifunga kitabu. Akatuangalia sisi, si mtoto. Tulielewa.

Kumwomba mdogo wako msamaha ni kazi ngumu, na kama ni mwanafunzi wako ni ngumu mara mbili. Desturi zetu hazikutufundisha njia yake. Mkubwa hukosea lakini hupiti ukilitangaza. Asubuhi tulichukua posho yetu ya kujitolea ya mwezi ule, tukanunua daftari mbili za kurasa 96, na penseli, na kifutio. Tukamkuta anachota maji. Tukamwambia, "Daftari moja la hesabu. La pili si la hesabu. Na lile la kwanza, tulikosa." Alipokea kwa mikono miwili, akasema "asante mwalimu." Mwalimu! Nyumbani huwa anatuita yaya. Lile neno lilituchoma kuliko moto wetu.

Wiki nzima daftari likabaki jeupe. Tukafikiri basi, kimeshakufa. Siku ya nane tulirudi jioni tukamkuta amekaa na baba chini ya mwembe. Baba anasimulia, yeye anachora. Babu alikuwa na ndevu ndefu mpaka kifuani. Mama akapita na beseni, akatupa jicho, akapita. Akarudi. Akasema, "Hapana. Hakuwaka na ndevu. Baba yako huyu anachanganya na mjomba wake. Mkwe wangu alikuwa na kovu hapa, chini ya jicho, na alicheka upande mmoja." Akaweka beseni chini. Mama, aliyesema katuni haileti unga, akakaa kwenye majani na kuonyesha kwa kidole kwenye shavu lake mwenyewe kovu lilivyokaa. Baba akabisha. Mama akashinda. Mtoto akafuta, akachora tena.

Ilipotokea ile sura, baba alinyamaza sana. Mwisho akasema, "Eeh. Njo yeye." Mtoto akageuka akatuuliza, "Yaya, kisu kiko wapi, penseli imeisha ncha." Tukakimbilia kisu.

Safari iliyosimama

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Wengi wenu mnajua siku hiyo ilivyokuwa, hatuna haja ya kueleza. Sisi tulikuwa tumeshafanya mahojiano. Mama alikuwa ameshagawa sufuria zake kwa majirani kwa ahadi. Ilibidi tupite nyumba kwa nyumba kueleza kwamba sufuria zibaki kwanza kwetu.

Mdogo wetu alichora jambo hilo pia, bila kuambiwa. Kisanduku cha kwanza: begi, familia imesimama. Cha pili: familia imekaa juu ya begi. Cha tatu: kuku ametaga juu ya begi. Cha nne: mama amelifungua begi, anatoa sufuria, anapika. Hakuna maneno. Tuliipiga picha tukamtumia dada. Alijibu baada ya siku mbili kwamba alicheka, halafu akaenda kukaa chooni, akalia. Mpwa wetu akaibandika juu ya kitanda chake.

Hapo ndipo tulipowaza: kama hatuwezi kwenda kwenye maonyesho ya dada, kwa nini tusifanye ya kwetu? Wachoraji wa Finland na India, akina Leif Packalén na Sharad Sharma, wamefundisha watu wa kawaida njia rahisi inayoitwa katuni za ukutani. Kitabu chao juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 2007. Karatasi mbili za A4 zinaungwa pamoja, zinagawanywa visanduku vinne, na hadithi inaishia hapo hapo. Kisha inabandikwa mahali watu wanapopita. Haihitaji umeme wala kiwanda.

Tuliomba darasa moja kwa Jumamosi moja, mwezi wa saba 2025. Sharti lilikuwa moja: mtoto asije peke yake. Aje na mzee wa nyumbani, mzazi au bibi au jirani. Mzee asimulie, mtoto achore. Tulitegemea familia kumi. Zikaja ishirini na tatu, na wengine madirishani.

Tuliona mambo. Baba mmoja ambaye hatujawahi kumsikia akiongea alisimulia jinsi alivyomtongoza mke wake kwa kumtengenezea baiskeli, na mke anakanusha kila kisanduku. Bibi mmoja alisimulia mbuzi wake tu, hakutaka kitu kingine, tukamwacha na mbuzi wake. Mama mmoja jirani, Mrundi, alikaa na binti yake kona ya mwisho. Walichora meli Liemba. Alisimulia Kagunga ya mwaka 2015: watu wengi ufukweni, mlima nyuma, kipindupindu, na mitumbwi inayowapeleka mpaka kwenye meli iliyosimama majini.

Baba alisimama mbele ya mchoro huo muda mrefu. Halafu akawaambia watoto historia ya meli hiyo. Wajerumani waliijenga kwao mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi Kigoma, wakaiunga tena. Iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Na mwaka 2014 Barly Baruti, yule wa Kisangani, pamoja na Christophe Cassiau-Haurie walitoa bede iitwayo Madame Livingstone, juu ya vita ile ya ziwani na meli hiyo hiyo. "Kwa hiyo," baba akasema, "Mkongomani amechora meli yenu." Yule mama akajibu, "Na sisi tumeipanda." Watu wakapiga makofi, hatujui walikuwa wanampigia nani.

Mdogo wetu alibandika visanduku vinne vya babu. Cha mwisho: boti inaondoka, babu amebaki ufukweni, amecheka upande mmoja, mkono juu. Tulipiga simu kwa dada kwa video, bando la pamoja la walimu watatu, tukaizungusha simu ukutani polepole. Kule ilikuwa asubuhi, mpwa wetu bado na nguo za kulala. Alipofika kwa babu akauliza, "Who is that?" Dada akamwambia aulize kwa Kiswahili. Akafikiri. Akasema, "Huyu nani?"

Baba ndiye aliyejibu. Alianza mbali sana, kutoka kwa ng'ombe, na bando likakatika katikati. Lakini Jumapili iliyofuata mpwa wetu alituma sauti mwenyewe: anataka mwendelezo.

Kwa wazazi wenzetu na walimu wenzetu

Hatusemi watoto waache hesabu wachore. Sehemu ni sehemu, na robo haiwezi kuwa nusu kwa sababu mtoto anajua kuchora. Tunasema tu, kabla ya kunyang'anya, angalia kwanza kilichochorwa. Muulize. Inawezekana anamchora mtu wako.

Kama hamna karatasi, boksi la posho linatosha. Gawanya visanduku vinne. Cha kwanza, nani na yuko wapi. Cha pili, limetokea nini. Cha tatu, limekuwa baya zaidi. Cha nne, likaishaje. Mzee asimulie, mtoto achore, na mama apewe nafasi ya kusahihisha, maana mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka kovu lilikaa upande gani.

Jumamosi nyingine tutaomba darasa tena. Tarehe tutaitangaza hapa gazetini na kwenye ubao wa shule. Njooni wawili wawili, mkubwa na mdogo. Na bibi wa mbuzi, tunakuomba uje: watoto wanauliza mbuzi alizaa?

Kwa leo tunaishia hapa. Mungu awalinde na nyumba zenu.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.